Kilo Mia Nne na Kumi na Mbili

Mashine ilisema: nimeandika.
Bi Tukae Nampota akaikunja stakabadhi mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kanga.
Saa tisa na dakika saba umeme ukayumba, ukakatika.
Uliporudi, kilo zake hazikuwemo daftarini,
na korosho zenyewe zilishachanganyika na za wengine
ndani ya lori lililokwisha kuondoka.

Hapa Newala kilo haipotei bila mtu.
Wakamsimamisha kazi Issa Chitanda, karani wa mizani,
kwa sababu Issa ana mikono na diski haina.
"Kauza kangomba," walisema.
Mkewe akaacha kupita njia ya sokoni.

Mimi nililetwa kutoka Mtwara mjini.
Nikapewa meza katikati ya magunia,
sahani ya ming'oko,
na wiki moja.

Niliisoma programu yote. Safi.
Nikabadilisha diski. Bure.
Nikasimama kwenye swichi ya ukutani
nikaukata umeme mwenyewe, mara arobaini na tatu,
na mara arobaini na mbili hakuna kilichopotea.
Ile moja ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nikateremka hadi kwenye kerneli,
kusiko na rangi wala vitufe.

Huko, ukisema andika, hakuna anayekwenda diskini.
Neno lako hupokewa, huwekwa kando,
nawe hujibiwa "tayari", uendelee na gunia linalofuata.
Baadaye, kwa wakati wake, yupo mbebaji
ambaye mteja hamjui,
huzikusanya kurasa na kuzipeleka.
Siuiti uongo. Hata sisi
husema "nipo njiani" tukitafuta kiatu chini ya kitanda,
na mara nyingi tunafika.

Nikapanda vibao kila njia panda:
amepita hapa, amepita hapa.
Usiku wa tano nikamwona akijikwaa.
Umeme ulikuwa unayumba, diski ikakataa ukurasa mmoja,
naye akarudi kusema.
Wallahi alirudi kusema!
Aliliandika kosa ubaoni,
lakini ubao ule husomwa mara moja,
na anayeusoma kwanza ndiye anayeufuta.

Aliyetangulia kuuliza hakuwa daftari la mizani.
Ilikuwa programu ndogo ya nakala za akiba,
hupita kila dakika kumi,
huuliza kwa mazoea, haingoji jibu.
Nusu sekunde baadaye daftari likauliza:
"Vyote vimefika?"
Ubao mweupe.
"Vyote," ikajibu kerneli,
ikautia ukurasa alama ya usafi, ikausahau.

Barua ya msiba imepokelewa na jirani,
kaitia mfukoni, kaenda zake kupuliza sulfa.

Nilitoka nje. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mikorosho
na sikuuona hata mnara wa simu.
Nikala ming'oko iliyopoa, nikarudi ndani.
Marekebisho yalikuwa mistari sita:
kosa lisifutwe
mpaka kila aliyeandika awe amelisikia.

Meneja alinishika mkono, akacheka, akaagiza soda.
Bi Tukae akafungua pindo. Wino ulikuwa umefifia,
lakini ile mbili ya mwisho ilionekana bado.
Akalipwa.

Issa nilimkuta kwake, anafunga jembe mpini.
Nikamweleza mbebaji, ubao, nusu sekunde.
Alisikiliza bila kuinua macho.
"Na wewe," akauliza, "kosa hili umemwambia nani?"
"Meneja."
"Nani mwingine?"

Nikanyamaza.
Akaliweka jembe chini, akavaa shati.
Tukaanza na nyumba ya kwanza,
ile iliyo karibu na kisima,
tukapiga hodi.