Kula Chumvi

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza,
na hili lilijitembeza juu ya trela ya kukodi,
matairi mawili bila upepo,
hadi kwenye gereji yangu, Canley, Coventry,
karibu na palipokuwa na kiwanda kilicholizaa.
Triumph Spitfire, mwaka wa sabini na tatu,
rangi ya ndimu iliyosahauliwa jikoni.
"Kutu kidogo tu," alisema Bi Tolley, mjane aliyeniuzia,
"hapo kwenye vizingiti."
Nikagusa kizingiti kwa bisibisi.
Bisibisi ikazama hadi mpini.

Kwetu mtu akizeeka husemwa amekula chumvi nyingi.
Hili limekula chumvi kwelikweli:
baridi baada ya baridi,
lori la halmashauri likiimwaga usiku barabarani
ili watu wasiteleze asubuhi.
Iliyookoa watu ndiyo iliyolitafuna.

Jumamosi. Grinda inalia, cheche zinakula mkono wa ovaroli.
Rangi inatoka, chini yake puti, nene kama andazi,
chini ya puti waya wa banda la kuku,
na chini ya waya, gazeti.
Limelowa, limekauka, limelowa tena.
Nililikunjua kwa kibano cha nyusi.
Mtu anauza sungura watatu pamoja na kizimba.
Mtu anatafuta mpangaji asiyepiga tarumbeta.
Matokeo ya mpira: wenyeji mbili, wageni
hapo kutu imekula.

Kwa hiyo kuna mtu alipiga magoti hapa kama mimi,
akawa na tundu, na ukaguzi wa gari Jumatatu,
akashindilia habari za mji, akapaka, akalainisha,
akaenda zake akipiga mluzi.
Nilimtukana kwa lugha mbili.
Simu ikalia. Mbwana, kutoka Tanga.
"Dada, u mzima? Kazi je?"
"Mzima. Kazi nzuri. Kila kitu sawa."
Nikaisikia sauti yangu ilivyo laini,
imepigwa msasa.

Glyn Hadley wa nyumba ya pili alikuja na chai.
Ujana wake aliumalizia kiwandani, akichomelea vizingiti.
"Labda hiki ni chako," nikamwambia.
Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mshono.
"Kama kilichomelewa Ijumaa, si changu."
Kisha akashika nyundo ndogo akanifundisha kusikiliza:
bati bovu husema pu,
bati zima husema ngii.
"Kata mpaka lilie. Ukishonea kwenye ubovu
umechomelea hewa."

Nikakata. Pu. Nikakata. Pu.
Mama alikuwa fundi cherehani; alisema
kiraka kiwe kikubwa kuliko tundu.
Nikachora kigezo kwenye boksi la nafaka ya asubuhi,
nikakata bati, nikalikunja juu ya ukingo wa meza.
Mshono wangu wa kwanza ulifanana na mavi ya njiwa.
Glyn akautazama sana.
"Utashika," akasema. Nililala na neno hilo.

Wiki ya tatu nikarudisha mlango. Haukufunga.
Kumbe gari lisilo na paa husimama kwa vizingiti vyake,
nami niliviondoa bila kuliwekea mhimili;
likajikunja katikati, upana wa vidole viwili,
polepole, bila sauti,
wakati mimi nikijisifu.
Nilikaa juu ya ndoo ya rangi.
Sikulia; nilikula biskuti zote za Glyn.
Halafu nikapachika jeki, nikaunga nondo mlangoni,
nikakata viraka vyangu mwenyewe,
vile vilivyosema ngii.

Leo sehemu ya ndani ya kizingiti imepakwa zinki,
bado kufunga bati la nje.
Niliwasha tochi nikachungulia: hamna gazeti.
Nikampigia Mbwana.
Nikamwambia mgongo unaniuma tangu Machi,
hospitalini wanapunguza wasukuma machela,
na mlango wa kushoto bado unagoma.
Akanyamaza. Akauliza, "Na kutu?"
"Ipo," nikasema. "Naijua ilipo."

Nje, lori la chumvi lilikuwa likipita.
Nikashusha shata la gereji.