Kifungo cha Tatu

Hakimu aliniuliza kama nimesikia.
Nikasema nimesikia: mkasi mmoja wa Bibi wa Raskazone,
kifungo miaka miwili.
Nilikuwa na miaka kumi na mitano.
Alipotamka neno lile nilitazama kifua cha joho lake,
nikahesabu.

Kila Jumatatu mkokoteni uliingia upande wetu wa ukuta
na mashati sitini ya wavulana,
yamekakamaa kwa utomvu wa mkonge,
yananuka jua la Pongwe na maharage ya juzi.
Tulifua kwa magadi, tukaanika,
tukapiga pasi ya mkaa
huku Bi Msimamizi akipita na funguo zake
zikimlilia kiunoni.

Shati namba arobaini na saba
lilikosa kifungo cha tatu.
Nikashona.
Jumatatu ya pili likakosa tena. Kilekile.
Nikashona nikimlaani mwenyewe: mtu gani huyu,
kifua chake kina meno?
Ya tatu nikakikuta mfukoni.
Hakikudondoka; kilikatwa kwa uangalifu,
kimeviringishwa ndani ya jani
pamoja na korosho moja.

Korosho niliila.
Nilikuwa na njaa, sitasema uongo kwa ajili ya shairi.
Kisha nikachomoa uzi mwekundu pindoni mwa leso yangu,
nikakishonea huo.

Tukawa tunaandikiana hivyo, wewe na mimi,
wawili tusiojua kuandika.
Wewe: mwiba wa mkonge. Kipande cha tiketi ya treni.
Unyoya wa kanga, wiki ile ya mvua za vuli.
Mimi: uzi mwekundu,
leo msalaba, kesho sambamba,
nikiamini unajua tofauti.
Kibwana wa mkokoteni ndiye aliyeniuzia jina lako
kwa kipande cha sabuni:
Shekiondo, mtu wa Muheza,
aliyekata waya wa simu ya serikali
ili atege kanga.

Siku ya kuzaliwa Malkia walitupanga uwanjani,
wasichana kivulini mwa ukuta, wavulana juani,
na katikati Bwana Mkubwa na kofia yake ya manyoya.
Nikainua macho kuitafuta arobaini na saba.
Mashati sitini, na karibu yote
hayana kifungo cha tatu.
Vifua wazi kama milango ya Ngamiani siku ya Idi,
kila mmoja akitumai,
hata yule mtoto wa miaka kumi
aliyefungwa kwa muwa.

Nilibana kicheko mpaka machozi yakanitoka.
Halafu, safu ya nyuma,
mwembamba, sikio moja limekunjika,
mmoja tu amefunga vyote mpaka shingoni,
jasho linamchuruzika,
na katikati ya kifua, nukta nyekundu.

Ulinitazama kwa muda wa ubeti mmoja wa wimbo wao.
Hukutabasamu. Ulikishika kile kifungo
kama mtu ashikavyo kitasa
cha nyumba ambayo hajakaribishwa.

Miezi miwili baadaye shati likaja
na vifungo vyake vyote.
Nikalinusa. Jasho la mtu mwingine.
Mfukoni hamna kitu, hata mchanga.
Kibwana akasema treni ya alfajiri,
Korogwe au mbele yake, hakujua,
na safari hii hakudai sabuni.

Nililifua. Nikalipiga pasi.
Kisha nikakikata kifungo cha tatu kwa meno,
nikakificha shavuni
Bi Msimamizi alipokuwa akipita,
akaniuliza mbona sijibu salamu.

Sasa nina cherehani yangu, barabara ya kumi na mbili.
Wananiletea sare za shule, kanzu za maharusi,
suruali zilizopasuka pabaya.
Wapo wanaojua nilikotoka.
Wakiniuliza kifungo changu kilikuwa cha muda gani,
nafungua kijaluba cha sindano, nawaonyesha:
chenye matundu manne,
uzi wake umefifia, karibu rangi ya udongo.
Ni hiki, nasema.
Bado sijakimaliza.