Muhtasari wa Kikao Chini ya Namaluku

Masasi, mwezi wa tisa, korosho za kwanza zikidondoka.
Darasa la tano B, milango miwili, mmoja hauna komeo.
Waliohudhuria: themanini na tisa, na mbuzi wa Fadina
aliyetolewa mara tatu, akarudi mara tatu.
Mwandishi: mimi, Bosko Nanjota.

Ajenda ya kwanza, kufungua. Kikafunguliwa.
Ajenda ya pili, ramani.
Wageni wakaibandika juu ya jedwali la kuzidisha,
Namaluku yetu ikawa doa la kijani
lenye mstari mwekundu toka chini hadi kiparani.
“Njia ya wapandaji,” akasema afisa, kwa adabu.
“Kamba, vyuma, kiingilio. Leo tumekuja kusikiliza.
Semeni nyinyi.”

Tukanyamaza.
Kusikilizwa nako kunataka mazoezi.

Akainuka Dastani, viatu vya kuazima:
“Mimi nataka. Nimefika kule juu mara hamsini
nikifukuza pimbi, na hakuna aliyenilipa.
Mgeni akinilipa nimshike mkono, dhambi iko wapi?”
Makofi upande wa madirisha.
Nikaandika: Vijana wanaunga mkono.

Kisha Somoe Chitanda. Hakuja mbele,
alisemea palepale sakafuni, mguu mmoja ameunyoosha.
“Mwaka ule wa njaa mama alinifunga mgongoni,
akapanda kwa upande wa jua, peku,
kijembe amekibana kwa meno.
Tulichimba ming'oko kwenye nyufa mpaka mvua ikaja.
Kamba hatukuwa nayo. Tulikuwa na njaa.
Sasa nauliza. Mkishapigilia vyuma vyenu,
na mimi, kisima kikikauka,
nikapanda na ndoo kukinga yale yanayochuruzika,
nitaitwa mpandaji, au mwizi?”

Afisa akapekua fomu.
Palikuwa na kisanduku cha NDIYO, kisanduku cha HAPANA,
na chini kabisa, Maoni Mengineyo,
nafasi ya upana wa kidole.

Nikaandika: Mama mmoja ameulizia maji.

“Soma,” akasema.
Nikasoma.
“Mama mmoja ndiye nani?”
Nikafuta, nikaandika jina lake, la baba yake pia.
“Na hilo ameulizia?”
Nikafuta. Nikaandika: anadai.
“Na kule juu umeandika kilima.”
“Si ni kilima, bibi?”
“Wewe si ni mtu? Mbona tunakuita Bosko?”
Darasa zima likacheka, afisa naye akacheka,
na mimi nikafuta kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Kikao kikafungwa saa tisa na robo.
Soda moja, watu wawili.

Yatokanayo:
Muhtasari ulipelekwa wilayani na tundu lake.
Hatujajibiwa.
Dastani amejifunza mafundo manne
kwa kamba ya yule mbuzi.
Na juzi alfajiri Bi Somoe alipita hapa na ndoo,
akaelekea upande wa jua.
Hakumuomba mtu ruhusa.
Nami, ingawa kalamu ilikuwa mfukoni,
sikuandika kitu.