Sifuri Iko Katikati

Ofisini tulikuwa kumi na mmoja, na birika moja la kahawa,
na ramani ya Seoul ukuta mzima, imetobolewa kwa pini.
Tuliukata mji kama keki ya mtu tusiyemjua:
sifuri katikati, penye kasri na mabenki,
moja kaskazini-mashariki, mbili,
tukavuka mto: tatu, nne, tano, sita,
tukauvuka tena: saba,
tukifuata mshale wa saa hadi tulikoanzia.

Kanuni ilikuwa nyepesi.
Tarakimu ya kwanza, basi linakoamka.
Ya pili, linakogeuzia.
Ya tatu ni ya kulitofautisha na nduguze, basi.
Buluu kwa safari ndefu. Kijani la kuchota watu vichochoroni
na kuwamwaga kwenye treni.
Njano la kuzunguka palepale, ngamia wa kinu.
Jekundu la nje ya mji, na haraka zake.
Bwana Pyo, mkuu wetu, akasema:
sasa hata mgeni atausoma mji.
Tukapiga makofi. Tukaenda kula tambi za baridi.

Hakuna aliyeuliza kuhusu mwenyeji.

Mama yangu, Ok Bun-rye, wa mtaa wa Suyu,
hakuingia darasani hata siku moja. Herufi kwake
zilikuwa vijiti na viduara, masalio ya seremala.
Namba alizijulia sokoni, kwa kuuza figili na kurudisha chenji.
Miaka ishirini na miwili alipanda
"nane na tatu, na kimkia chake moja",
saa kumi alfajiri, kwenda kufagia ghorofa za watu
kusini ya mto.
Mimi ndiye niliyeifuta namba hiyo. Kalamu nyekundu,
mstari mmoja, Jumanne.

Asubuhi ile ya Julai alisimama kituoni
na mwavuli, na chakula chake kitambaani,
akayaacha mabasi tisa yapite,
mageni, yanang'aa kama meno ya bandia.
Akarudi nyumbani. Hakunilaumu.
Aliosha mchele, akauosha tena, akauosha tena.

Usiku nikampangia vikombe vinane mkekani.
Hiki sifuri. Hiki sisi, moja. Kule unakofagia, nne.
Lako sasa ni moja-nne-mbili:
linaamka kwetu, linageuzia kwao.
Alivitazama vikombe muda mrefu.
"Basi, na jioni?"
Jioni ni hilo hilo.
"Namba hiyo hiyo?"
Hiyo hiyo.
"Lakini jioni linaamka kule, linakuja kulala huku.
Mbona hamkuliandika nne-moja?"

Sikuwa na jibu.
Nilimpelekea Bwana Pyo swali lile. Akachekea kahawa yake.

Kufikia Septemba mama alikuwa anausoma mji kwa sauti.
Lile mbili-saba, alisema, limekatiza katikati,
lina vumbi la kila mtu.
Bili ya umeme aliisoma. Bei ya samaki, elfu nne mia saba:
"Huyu ametoka kwa matajiri, anashukia Mapo."
Wauza samaki walidhani amechanganyikiwa.
Mimi nilijua amehitimu.

Mwaka juzi, hospitalini, ng'ambo ya mto.
Nyingi huruka ghorofa ya nne,
maana nne, kwa lugha yetu, inasikika kama kifo.
Ile haikuruka. Muuguzi aliniomba radhi kwa macho
akisukuma kitanda kwenye korido.
Mama alikuwa mdogo chini ya shuka, kidevu juu,
anasoma milango mmoja mmoja
kama asomavyo mtu vioo vya mbele vya mabasi
yakija kwa foleni.
Tukasimama. Nne. Moja. Mbili.

Aliusogeza mkono wake, akanigusa kifundo.
"Ehe," akasema. "Hatimaye mmeliandika la jioni."