Mwakani

Chumba cha kufulia, hospitalini Ibri, chini kabisa,
ghorofa isiyo na dirisha.
Mwaka tunaujua kwa kalenda ya kiwanda cha sabuni:
imebaki msumari na jani moja.

Mashine namba nne inakohoa, kama kawaida yake.
Bi Ghaniya anafunga daftari la zamu,
anatugawia zile lebo nyeupe za mifuko ya shuka.
"Kila mtu aandike anachokitaka mwakani,
kisha atie mfukoni. Simsomi mtu."
Kiswahili chake ni cha mamake, cha Unguja ya zamani;
mpaka leo hapa petu anapaita spitali.

Lakini kwanza, kabla ya kalamu,
akateremsha kopo la maziwa ya unga
tunamotia vilivyosahauliwa ndani ya shuka:
meno ya bandia, ya juu tu;
tasbihi ya shanga tisini na nane (tulihesabu);
kidude cha kusikilizia cha mzee wa wodi ya tatu
ambacho hakuna aliyerudi kukidai;
ukanda wa mkononi wa mtoto mchanga,
mahali pa jina peupe.
"Huu ndio mwaka wetu," akasema, akalitikisa kopo.
Likalia kama kayamba.

Machano wa Wete aliandika upesi,
akatusomea bila kuombwa:
Simtumii tena kaka pesa za mabati.
Miaka mitano naezeka,
na picha anazonitumia ni za nyumba ya jirani,
nimemtambua mbuzi aliyelala barazani.
Tukacheka. Yeye alicheka nusu, akaacha.

Kadzo aliandika, akafuta, akaandika:
kusoma Kiarabu. Si cha salamu.
Cha mkataba.
Ajue ni kitu gani alichokitia dole gumba
mwezi wa tatu, wakala akiangalia saa yake.

Nalwoga akasema kwao Masaka nia haiandikwi,
ikiandikwa husikia, ikakimbia.
Akachora kitanda.
Kitanda kisicho na shuka. Hakuna aliyeuliza.

"Na wewe, Bi Ghaniya?"
"Mimi? Wajukuu zangu huniita Bibi, basi,
neno hilo moja ndilo walilobaki nalo.
Nikifa nitawaachia lugha mithili ya kopo hili.
Mwakani, kila Ijumaa, simpi mtu halua
mpaka aiombe kwa Kiswahili.
Atakayenuna na anune."

Lebo yangu ilikaa tupu.
Si kwamba sikuwa na neno. Nilikuwa nalo,
nimelitumia mara tatu kwenye simu:
mwakani. Nitakuja mwakani, mwanangu.
Limefuliwa mpaka limekwisha rangi.

Saa sita ilipotimia hakikulia kitu
ila kengele ya namba nne, suuza ya mwisho.
Lifti ikashuka na mzigo wa wodi ya wazazi,
shuka moja ingali na joto,
na damu ya mtu na mwanawe.
Bi Ghaniya akaifunua kwa vidole viwili.
"Bismillahi. Haya, maji baridi kwanza."

Nikapiga simu Korogwe. Kule ilikuwa saa tano,
Chausiku hajalala, ameshika sufuria na mwiko
akingoja kugonga na wenzake.
Nikamwambia: huku mwaka umeshaingia.
Akanyamaza. Nikasikia mbwa, na redio ya dada yangu
ambaye siku hizi naye anaitwa mama.
"Kwa hiyo wewe sasa uko mwakani?"
Niko mwakani.
"Umeshafika kabisa?"
Kabisa.
"Basi njoo."

Nikamwomba Machano kalamu.
Wino ulikuwa umekauka.
Nikaandika hivyo hivyo, kwa kukandamiza.