Kumnyoa Mnyoaji

Kidonge cha kwanza ni saa kumi na moja alfajiri,
kabla upepo haujaamua utavuma vipi.
Hapa Porvenir upepo hauna likizo.
Namwinua kichwa, namlisha kijiko cha uji
na kidonge ndani yake,
kisha nangoja. Nusu saa. Siku nyingine zaidi.
Dawa inampanda polepole
kama umeme unaorudi mtaani, nyumba baada ya nyumba:
kwanza kope, kisha kidole gumba,
kisha mnong'ono: "Umelala?"
Nimekesha. Nasema, "Nimelala vizuri."

Sakafuni nimebandika utepe mwekundu,
mistari kumi na minne toka kitandani hadi chooni.
Usiniulize kwa nini. Mguu unaogoma mbele ya mlango mtupu
unakubali kuruka mstari.
Daktari wa Punta Arenas alinieleza sababu;
nikaitikia, nikasahau, nikanunua utepe wa pili.
Evaristo anasimama, nyayo zimenata sakafuni.
"Ruka," namwambia.
Na mtu aliyeruka seng'enge za nusu ya kisiwa hiki
anaruka utepe,
nami nahesabu kwa sauti kama mwendawazimu.

Jana nilimfokea.
Niliseme hili pia, lisije likajificha.
Alimwaga supu, nami nilikuwa nimefua shuka mara tatu;
nikatamka neno ambalo hata mbwa sijawahi kumwambia.
Uso wake haukubadilika. Siku hizi haubadiliki,
ugonjwa umeupiga pasi.
Ila mkono wa kushoto ukazidi,
kijiko kikagonga meza, kikagonga,
kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe.
Binti yetu Yasna akapiga simu kutoka Rancagua.
Nikamwambia tumekula vizuri.

Miaka ile nilipomwona mume wa Edelmira
ananyolewa na mwanawe kando ya dirisha, kinywa wazi,
nilipita na mkate wangu kwapani.
Changu sikukitia maji.

Leo Jumamosi, siku ya ndevu.
Natia maji.

Huyu alinyoa kondoo mia na themanini kwa siku,
manyoya yakivuka mwilini mazima kama koti,
na usiku bado akataka kucheza dansi.
Sasa kifungo cha shati ni mlima.
Jina lake anaanza kuliandika kwa herufi za mtu mzima,
likifika mwisho ni sisimizi watatu.
Namkalisha kwenye kigoda, mimi benchini nyuma yake,
magoti yangu ubavuni mwake, kisogo chake kifuani pangu,
mkono mmoja shingoni, mwingine na wembe.
Kidevu kinacheza. Na mimi ninaogopa.

Anasema kitu. Nainama.
Sauti yake imehamia chumba cha pili.
"Usimkabe shingo."
"Nani?"
"Ukimkaba atapigana. Mwegemeze. Mpe uzito wako.
Akijua hutamwangusha, atalegea mwenyewe."

Nikautoa mkono shingoni.
Nikampa uzito wangu, miaka sitini na minane
pamoja na goti bovu.
Taya likatulia. Siyo kabisa;
likatulia kiasi cha wembe kupita.

Nikapita shavuni, nikapita chini ya pua,
pale palipo na kovu la kwato la mwaka tuliooana.
Ndevu nyeupe zikaelea kwenye beseni, sufu ya bei ya chini.
"Leo mimi ni wa ngapi?" akauliza.
"Wa kwanza."
Akanyamaza. Nikadhani amesinzia.
"Basi umechelewa sana," akasema, "na zizi limejaa."

Nilicheka hadi wembe ukanidondoka.
Kidonge cha pili ni saa tatu.
Nje, upepo umezifunga shuka fundo kwenye kamba,
na mstari wa tisa umeanza kubanduka.