Mito Mitatu

Karani wa vizazi na vifo ananipa kalamu iliyofungwa uzi mezani,
kana kwamba kuna mtu huja hapa kuiba kalamu.
"Hakikisha," asema, "jina, umri, makazi."
Dorsila Awuor Odero. Sabini na tisa. Jericho.
Kisha kidole chake kinatua penye neno Sababu.

Nilitarajia saratani.
Pale pale, kwa mwandiko uliolala ubavu:
moyo kushindwa kazi.
Saratani imeandikwa chini,
kama jirani aliyehudhuria tu.

Mama alikuwa opereta wa simu, posta ya zamani,
miaka ishirini na sita, visikizi masikioni,
akichomeka nyaya, akichomoa nyaya:
"Zungumza sasa, yuko hewani."
Alijua kwamba ukishikwa na laini moja
nyingine hulia bure.
Sisi wanawe hatukujua.

Miaka tisa tulilinda titi ambalo halikuwepo tena.
Tulihesabu vidonge vyeupe,
tukauza friji, kisha kiwanja cha Ruai,
tukabana picha za eksirei kwapani kila Alhamisi ya kliniki.
Daktari alipitisha vidole juu ya kovu
polepole, kama asomaye,
akasema: safi.
Tukanunua soda.
Hakuna aliyeinama kusikiliza
kilichokuwa kikigonga chini ya kovu hilo,
upande ule ule wa kushoto,
ukuta wenyewe umekwisha kupunguzwa.

Alikuwa akilala na mto mmoja. Tukamwongeza wa pili.
Mwezi wa Agosti akaomba wa tatu,
tukauvika foronya ya maua,
tukadhani ni madeko ya uzee.
Soksi zilimwachia mifereji vifundoni.
Akitoka kanisani alisimama mara nne
akijifanya anauliza bei ya makaa.
Vidonge vya presha vilikwisha Septemba.
Hivyo vitangoja, tulisema, muhimu ni vile vingine,
tukasema kwa sauti ya watu wanaojua vita.

Kwenye benchi lile la Alhamisi walikuwa wanne.
Bi Nafula aliteleza bafuni, Umoja,
nyonga ikavunjika, hakuinuka tena.
Mama Gathoni ni mapafu, Julai,
baridi ile ya Nairobi isiyo na mvua wala jua.
Syokau, huyo saratani ilimchukua kweli,
ilianzia mifupani ikamalizia inini,
na sitamnyang'anya kifo chake
ili hoja yangu isimame.
Wa nne ndiye huyu, kwenye fomu.

Mchungaji alitangaza: "Amepigana na saratani, amepumzika."
Nikamtazama mjomba. Mjomba akatazama kofia yake.
Baadaye, nyuma ya hema, akaninong'oneza:
"Iache. Saratani watu wanajua kuililia.
Ukiwaambia moyo,
watauliza mlikuwa wapi."

"Kuna kosa?" karani auliza. Foleni inakohoa nyuma yangu.
Nasema hakuna.
Natia sahihi, uzi wa kalamu ukivutana na mkono wangu.

Jioni nafua foronya ya maua.
Mafuta yake ya nywele hayajatoka,
nafua tena, kisha naacha, sijui kwa nini nilikuwa na haraka.
Simu inalia, mikono imejaa povu.
Ni mama mdogo Peres, anapiga kutoka Kariobangi,
sabini na nne, yeye naye alikatwa, mwaka juzi.
Ana furaha: ameonwa leo asubuhi,
wamepapasa, wamepiga picha,
wamemwambia safi.

Nasema ashukuriwe Mungu.
Nasema kula vizuri.
Kisha namuuliza:
"Mama mdogo, siku hizi unalalia mito mingapi?"

Kimya kidogo kwenye laini.
Nasikia pumzi yake ikipanda,
ikipumzika katikati,
ikipanda tena.

"Mbona wauliza?"